Ni Marufuku Kuomboleza Pikipiki

Kanuni ya tisa ya mashindano ya pikipiki ya Butiama niliiandika mimi, kwa mkono wangu, mezani kwangu Bweri, na nilipoimaliza niliisoma mara mbili kwa kuridhika. Ilisema: "Ni marufuku kwa mtazamaji yeyote kuomboleza pikipiki." Naikiri mapema ili msomaji, atakapoona jinsi nilivyozunguka miezi mitatu nikimsaka mtu aliyewafukuza watazamaji wa mashindano hayo, asidhani kwamba nilikuwa namficha. Sikumficha. Sikumtambua tu, ingawa nilikuwa nikimnyoa ndevu kila asubuhi.

Mbio za vyombo vya moto nilikutana nazo kwanza nikiwa mwalimu kijana karibu na Bunda. Ilitangazwa kwamba magari ya mashindano yangepita barabara yetu, na shule ikafungwa. Wanafunzi, wazazi wao, na ng'ombe waliokosa mtu wa kuwachunga walijipanga kando ya barabara tangu alfajiri. Magari yakapita kwa muda mfupi kuliko wa kupiga chafya. Tulikula vumbi, na kwa mwaka mzima hapakuwa na mazungumzo mengine. Kila mtu alikuwa ameona gari lake: huyu aliona lililoruka korongo, yule aliona lililopinduka na kujiinua lenyewe. Mimi niliona vumbi, nikasema hivyo, na jambo hilo likanipunguzia marafiki. Baada ya miaka michache magari yakaacha kupita, na kila aliyeulizwa sababu alikuwa nayo tayari mfukoni. Mchezo unapopanda hakuna anayedai maelezo; unaposhuka, hata aliyekuwa hajui usukani uko upande gani hugeuka mtaalamu.

Nilidhani habari hizo zimekwisha, mpaka bodaboda zilipoenea mkoani kwetu na vijana wake wakaanzisha mashindano yao. Walianzia Bunda, wakapita barabara za vumbi, wakamalizia katika uwanja ulio nje kidogo ya Butiama. Upande mmoja walikuwa watu wa ziwani, wa Mwigobero, Bukima na vijiji vya pwani ya ziwa. Upande wa pili walikuwa watu wa ng'ombe na pamba, kutoka kandokando ya Bunda. Pande hizi mbili ni watani, na wenyeji wa Butiama, waliokuwa katikati, walijiona wasuluhishi, yaani waliwazomea wote kwa usawa.

Wakati huo watu walijaa uwanjani hata juu ya mawe, na wengi wao hawakuja kumwona mshindi. Walikuja msibani. Ilikuwa desturi kwamba pikipiki ya kwanza kuharibika njiani imefariki. Ilipakiwa kwenye gari dogo, ikafikishwa uwanjani, ikalazwa juu ya kitanda cha kamba na kufunikwa kitenge. Kisha upande wa pili, kama watani wafanyavyo katika misiba halisi, ukaja kuilia.

"Uwii! Alikuwaga mzima asubuhi! Amekunywa petroli yake vizuri kabisa!"

"Ametuachia kioo kimoja cha pembeni, tutakigawanaje?"

"Mlimlisha nini marehemu? Mlimlisha furu?"

"Afadhali furu! Ninyi wenu mlimchapa fimbo mkidhani ni ng'ombe!"

Furu ni visamaki vya ziwani vyenye miiba kuliko nyama, na kumwambia mtu wa ziwani kwamba anavila ni kumwambia kwamba sangara na sato anawasikia kwa jirani. Mwenye pikipiki naye aliketi kwenye mkeka, ameshika tama, akipokea pole. Mimi niliyaona hayo kwa macho yangu kwa mara ya kwanza siku ambayo mgeni kutoka ofisi ya michezo alikuwa ameketi kando yangu. Mgeni alisikia kilio, akasimama, akavua kofia, akaniuliza kwa sauti ya chini marehemu alikuwa na umri gani. Sijawahi kuona aibu ya namna ile tangu niache kusimamia mitihani.

Kwa hiyo kamati iliponiomba, kwa heshima ya elimu yangu, niwaandikie kanuni, sikuwaonea huruma. Niliandika kanuni kumi na moja. Ya tisa nimekwisha kuitaja. Ya kumi iliagiza kwamba washindi watashangiliwa kwa makofi ya wastani. Kamati ilizipitisha zote bila mjadala, jambo ambalo wakati huo nililiona kuwa ushahidi wa ubora wake.

Mwaka uliofuata uwanja ulijaa nusu. Mwaka wa pili tulikuwa watu kumi na saba, nikiwemo mimi, na watatu kati yetu walikuwa wanangoja usafiri wa kwenda Musoma. Tulipiga makofi ya wastani.

Aliyeumizwa na utulivu huo ni jirani yangu wa Bweri, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwendesha bodaboda wa upande wa ziwani ambaye hunipeleka mjini kila ninapokuwa na shughuli. Alianza kushindana mwaka ule ule kanuni zangu zilipoanza kutumika, na miaka yote miwili alishinda. Ndugu zake hawakuwepo. Wateja wake hawakuamini.

"Mwalimu, mimi ni bingwa wa siri," aliniambia siku moja tukishuka kuelekea sokoni. "Mjomba aliniuliza lile kombe nalipimiaga nini, dagaa au karanga."

"Una vyeti viwili nilivyosaini mwenyewe."

"Vyeti nimeviweka kwenye sanduku. Nataka kushinda mara moja tu watu wakinitazama. Basi. Nikishaonekana, hata nikistaafu sawa."

Muda si mrefu mwenyekiti wa kamati, mfanyabiashara wa spea kutoka Bunda, mtu mpole asiyekosa swala wala punguzo la bei, alifika nyumbani kwangu na barua. Ofisi ya michezo ilitaka ripoti ya maandishi: kwa nini watu wameukimbia mchezo? Kama sababu haitajulikani, au itajulikana na haitarekebishika, mashindano yangefutwa katika ratiba, na uwanja ungerudi kuwa malisho.

"Tumekubaliana uandike wewe, Mwalimu," alisema mwenyekiti. "Wewe hudanganyiki."

Jirani yangu, aliyekuwa amemleta, alikuwa bado mlangoni na kofia yake ngumu mkononi. Aliniangalia tu, kama mwanafunzi anavyoiangalia karatasi ya matokeo kabla haijageuzwa.

Nilianza kazi kwa kukusanya maelezo yaliyokuwa yakizunguka, nami nikayapima moja baada ya jingine. Walisema bei ya mafuta imewabakiza watu majumbani. Nikahudhuria harusi moja pale Bunda Jumamosi iliyofuata na kukuta bodaboda zimejaa mpaka barabarani, zote zikipiga honi, hakuna hata moja iliyosukumwa. Walisema vijana wote wamehamia kwenye vibanda vya kutazamia mpira. Nikaingia katika kibanda kimoja, nikiwa na tai shingoni, na kukuta watu tisa, watatu wamelala, mmoja akiwa ni mwenye kibanda. Mtumishi mmoja msomi kabisa alinieleza kwamba wananchi wamechoka na vumbi. Nilitazama viatu vyake, visivyo na vumbi hata chembe, nikagundua ni mgeni mkoani.

Maelezo yaliyopendwa kuliko yote yalikuwa kwamba kona ya mwisho kabla ya uwanja imefungwa kwa dawa, hivyo anayekwenda pale hupata mkosi. Nilikwenda. Niliketi kwenye kona hiyo tangu asubuhi hadi adhuhuri nikiwa na chupa ya chai na daftari. Kilichokuwa kimefungwa pale ni mbuzi mmoja, kwa kamba, na mwenyewe alikuja kumfungua saa sita. Niliandika: "Haikuthibitika."

Baada ya miezi miwili na nusu nilikuwa na daftari lililojaa mambo ambayo si kweli. Ndipo nilipofikiri kwamba labda ingefaa kumuuliza mtu ambaye zamani alikuwa anakwenda na sasa haendi. Naona haya kusema kwamba wazo hilo lilinijia likiwa la mwisho, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nimesomeshwa miaka mingi.

Nilishuka Mwigobero, mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kumtafuta mama mmoja muuza dagaa aliyekuwa akiongoza vilio vya watu wa ziwani. Nilimkuta kwenye turubai lake anachambua dagaa, kokoto anatupa huku, samaki anatupa kule, na wenzake wawili kando.

"Shikamoo, mzee wangu. Karibu dagaa, ni wa jana jua kali."

"Marahaba. Mama, wewe ndiye uliyekuwa ukiongoza kilio kule Butiama?"

"Ni mimi. Kuna msiba?"

"Hakuna. Nataka kujua kwa nini mmeacha kwenda."

"Nikafanye nini? Nikaangalie vyuma vinapita?" Alinyoosha kidole barabarani, ambako bodaboda mbili zilikuwa zikigombea abiria mmoja. "Vyuma vinapitaga hapa kila siku, mzee. Vingine vinatukanyaga, na hatuvipigii makofi."

"Lakini hakuna aliyewakataza kutazama."

"Walitukataza kulia! Sasa nikae jua lote lile nimenyamaza, namtazama mtu wa ng'ombe anapita bila kumwambia neno, si nitapasuka?" Wenzake wakacheka. "Kuna mzee mmoja, sijui ni mwalimu, aliandikaga karatasi. Wanasema mtu huyo ana roho ya rula."

"Wanasema hata mama yake alipofariki hakulia," aliongeza mwenzake. "Alichukua tangazo la msiba akalisahihisha!"

"Hizo ni habari za kusikia," nilisema.

"Za kusikia, ndiyo, mzee. Kwani za uongo?"

Nilinunua kisado kimoja cha dagaa ambao sikuwahitaji, nikaondoka. Habari hiyo ilikuwa ya kusikia, na kwa bahati mbaya ilikuwa ya kweli. Tangazo lile lilikosea mwaka ambao mama yangu alizaliwa, na watu walipokuwa wanalia mimi nilikuwa natafuta kalamu. Nilipoipata, kilio kilikuwa kimekwisha, na sikupata tena nafasi ya kuanza changu peke yangu.

Shahidi mmoja hatoshi. Nilikwenda Bukima, kisha mnadani Bunda kwa watu wa ng'ombe wenyewe, nikauliza swali lile lile bila kujitambulisha. Wote walinitaja. Kadiri nilivyosogea mbali na Bweri ndivyo nilivyozidi kuwa mbaya. Mnadani nilikuwa nimekwisha kupiga marufuku vigelegele katika harusi ya binti yangu. Sina binti. Hata hivyo, kiini cha ushahidi kilikuwa kimoja, na nikaandika ripoti ya ukurasa mmoja: "Sababu: Kanuni ya Tisa. Mhusika: mwandishi wa ripoti hii. Pendekezo: ifutwe."

Mwenyekiti aliisoma akiwa amesimama dukani kwake, kisha akaketi juu ya tairi.

"Mwalimu, hii haiwezekani. Andika bei ya mafuta."

"Nimeipima. Si kweli."

"Si lazima iwe kweli, iwe inaeleweka! Bei ya mafuta kila ofisi inaielewa. Hii watauliza, kilio kinaingia katika kasma gani ya bajeti? Na wewe mwenyewe utaonekanaje?"

"Nitaonekana nilivyo."

Jirani yangu, aliyekuwa amenifikisha pale na sasa alikuwa anajifanya kuchagua plagi, alisema bila kugeuka, "Mwenyekiti, ipeleke hivyo hivyo. Na mimi nimo humo, ingawa Mwalimu hajaniandika."

Ikapelekwa. Ofisi ilijibu kwamba imeshangazwa na maelezo hayo, lakini inaruhusu mashindano ya mwaka mmoja wa mwisho bila kanuni ya tisa. Watu wasiporudi, basi. Gari la matangazo likazunguka Musoma na Bunda likitangaza kwamba kuomboleza sasa ni ruksa.

Siku yenyewe nilifika Butiama mapema, na nikakuta siwezi kupita. Watu walikuwa juu ya mawe, juu ya matoroli, juu ya mabega ya watu wengine. Ningependa kuandika kwamba ripoti yangu ndiyo iliyowaleta. Ukweli ni kwamba walikuwa wamekuja kuniangalia mimi. Ulikuwa umeenea uvumi, kutoka ziwani mpaka Bunda, kwamba siku hiyo yule mzee aliyekataza kilio atalazwa mwenyewe juu ya kitanda na kuliliwa akiwa hai. Nilimwahi jirani yangu kabla hajapanda gari la kuwapeleka washindani na pikipiki zao Bunda, mahali pa kuanzia.

"Ni wewe uliyeueneza?"

"Nilimwambia mtu mmoja tu, Mwalimu. Pale Mwigobero."

Mashindano yalipoanza, tulikaa nyuma ya kamba iliyopigwa kando ya njia, tukingoja. Kabla ya mshindani yeyote kuonekana, gari dogo likaingia uwanjani na marehemu: pikipiki ya mtu wa Bunda, iliyokatikiwa cheni njiani. Kitanda kilikuwa tayari. Mama wa dagaa alishusha kitenge chake begani, akavuta pumzi ya kutosha kilio cha miaka miwili, kisha akaniona nimeketi na kamati.

"Kumbe ni wewe! Mzee wa kisado! Jamani, huyu hapa alinunua dagaa wangu nikimtukana!"

Sikulazwa kitandani. Nilipewa adhabu nyingine: nisome wasifu wa marehemu. Nilikataa, nikieleza kwamba sikumfahamu.

"Ndiyo maana tunakuambia! Uliza!"

Nikauliza. Sijui nifanye nini kingine mbele ya umati ila kuuliza. Marehemu alizaliwa wapi? "Dukani!" Nani alishuhudia? Kicheko. Nikatangaza kwamba mahali alipozaliwa hapajathibitika. Watu wa ng'ombe walisema marehemu alikuwa na nguvu za kupanda mlima wowote. Nikasema kwamba kamati imepokea dai hilo, lakini imemkuta marehemu mahali tambarare. Watu wa ziwani walianguka chini kwa kicheko. Nikasema kwamba inasemekana watu wa ziwani walimlisha marehemu furu njiani. Nikaomba mwiba mmoja kama kielelezo. Sasa walioanguka walikuwa watu wa ng'ombe. Nilikuwa sijawahi kuchekwa kwa makusudi yangu mwenyewe, na nakiri kwamba nilirefusha wasifu. Watu waliacha kamba, wakabanana kuzunguka kitanda. Mwenye bendera ya mwisho naye alikuja, bendera ikiwa kwapani.

Nilikuwa katika sifa za betri niliposikia injini inazimwa nyuma yetu.

Jirani yangu alikuwa amesimama peke yake kwenye mstari wa mwisho, amejaa vumbi mpaka kope. Alivua kofia ngumu.

"Nimeshinda," alisema. "Nani ameona?"

Aliniangalia mimi.

"Mimi sikuona," nilisema. "Nilikuwa nimekupa mgongo."

Wakati huo akaingia mshindani wa pili, mtu wa Bunda, akaegesha, akatema mchanga. "Mnashangaa nini? Nimekula vumbi la huyu dada tangu darajani, mpaka nimeshiba. Na huyo mnayemlilia si pikipiki ya shemeji yangu? Poleni sana."

"Basi, Mwalimu, ushahidi upo," alisema mwenyekiti, akinisogezea cheti. "Saini."

Nilitoa kalamu. Ingekuwa mara ya kwanza nisaini kitu nilichokisikia tu, na nilikuwa tayari kukisaini. Aliyenizuia ni jirani yangu mwenyewe.

"Karatasi sitaki, Mwalimu. Watu wote hawa wamekuja, halafu nirudi Bweri nikasimulie?" Aligeukia umati. "Rudini kwenye kamba! Wote, na wewe mama wa dagaa, na mwenye bendera! Ninarudi mpaka kwenye kona, nakuja tena."

"Haiwezekani," alisema mwenyekiti. "Kanuni haziruhusu mtu kushinda mara mbili."

Nilitoa kanuni mfukoni, nikavaa miwani, nikazipitia zote kumi zilizosalia, moja baada ya moja, huku watu wakingoja. "Hazikatazi," nilisema. "Na aliyeziandika yupo hapa."

Alivaa kofia yake, akageuza pikipiki, akatoweka nyuma ya mawe. Watu walikimbilia kamba wakisukumana, wakimwacha marehemu peke yake kitandani. Mama wa dagaa alinivuta mkono akanisimamisha mbele yake, akachukua kalamu vidoleni mwangu na kuichomeka nyweleni mwake.

"Leo tazama tu, mzee," alisema.

Tulisikia injini kabla hatujamwona. Akatokea kwenye kona, hakuna mtu nyuma yake wala mbele yake, ameinama juu ya usukani kama anayefukuzwa na kumi, na kutoka upande wa watu wa ng'ombe sauti moja ikapaa: "Mla furu huyo anakuja! Mzuieni!" Na wote wakaanza kumzomea kwa nguvu zao zote.